Taa za Mbele za Hotrodi: Kale Ipi?

Gari liitwalo hotrodi halikuzaliwa kiwandani. Lilizaliwa kusini mwa California, Marekani, mikononi mwa vijana wasio na fedha nyingi. Katika miaka ya 1930 walinunua magari makuukuu, baadaye hasa Ford ya 1932 yenye injini ya silinda nane, wakayapunguza uzito na kushindana mbio kwenye ziwa kavu la Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana katika chama cha SCTA.

Leo mwenye kulifufua gari kama hilo huhangaika kutafuta taa za mbele zenye sura ya kale. Lakini kale ipi? Wengi hudhani taa ya haki ni ile ya Ford yenyewe. Taa za Ford ya 1932 zilikaa juu ya chuma kilicholala baina ya madigadi mawili ya mbele. Vijana walipong'oa madigadi, chuma kile nacho kiliondoka, na taa zikakosa pa kukaa. Ikawabidi watengeneze vishikio vyao, na baadhi yao wakafunga taa nyingine kabisa. Mojawapo ni Guide 682-C, iliyotoka General Motors kwa ajili ya malori na mabasi. Basi kitu kitafutwacho leo kama johari kilikuwa spea ya lori!

Kilichozipa taa hizo maisha marefu ni mabadiliko ya mwaka 1940. Kabla ya hapo balbu ilibadilishwa peke yake. Vumbi na unyevu viliingia ndani, fedha iliyopakwa nyuma ya balbu ikafifia, na dereva akaenda gizani ingawa balbu ni nzima. Mwaka huo viwanda vya Marekani vilianza kutumia taa isiyofunguka, kioo na waya wake vikiwa kitu kimoja, upana wake inchi 7. Ikiungua hutupwa yote. Kipimo hicho kilienea mbali: aliyepata kubadilisha taa ya Land Rover ya zamani amekishika mkononi.

Kwa hiyo ganda kuukuu lililoundwa kwa kipimo hicho laweza kutiwa taa ya halojeni ya siku hizi, na sura isibadilike. Kwangu mimi hilo ni bora kuliko kung'ang'ania fedha iliyofifia. Gari lenye nguvu vile lisiendeshwe usiku kwa mwanga wa kibatari.

Yapo mawili ya kuangalia. Ford ilitumia umeme wa volti 6 mpaka ilipohamia volti 12 katika magari ya 1956, na balbu ya volti 6 haidumu kwenye betri ya volti 12. Tena, taa ya Kimarekani huelekeza mwanga wake kulia, uliko ukingo wa barabara yao. Huku kwetu, tunakopita kushoto, mwanga huo humwingia machoni dereva ajaye, hata ukiwa umeuinamisha.