Shule Wakati wa Vita

Ndugu zetu wa Shume, tukihesabu miaka ya jubilei tusiisahau Vita Kuu. Mwezi wa Juni 1916 Waingereza walitwaa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto. Katika vita ile wanaume wengi wa nchi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na waliokufa kwa maradhi walizidi waliokufa kwa risasi. Kufikia mwaka 1920 wamisionari Wadachi walikuwa wameondolewa Usambara. Waalimu wenyeji ndio waliobaki na kundi.

Kwa mtoto aliyemngoja baba asirudi, kengele ya asubuhi, wimbo, na mwalimu yule yule, pengine ndivyo vitu pekee visivyobadilika. Basi sisi tunaofundisha leo, mtoto akinyamaza darasani, tusitangulize fimbo. Tumwulize kwanza yaliyompata.