Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou: umbali na saa za angani

Ukipita Gerezani na mitaa ya Kariakoo ukauliza mabegi, vioo vya simu au taa za sola vimetoka wapi, jina la Guangzhou halichelewi kutajwa. Wasikilizaji wetu wengi wana mtoto, shemeji au jirani aliyeanza na meza ya barabarani pale, na sasa hupanda ndege kwenda China kufuata mzigo. Akishaondoka simu haipatikani, na huku nyumbani watu huanza kuhesabu saa.

Tuanze na umbali. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni takriban kilomita 8,700 angani. Ni kama mara 10 ya Dar hadi Mwanza kwa ndege. Ndege kubwa ikishatulia juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo safari isiyo na kituo, kama ile ambayo Air Tanzania iliianzisha mwaka 2021, huchukua kama saa 10 na nusu. Kurudi mara nyingi huchukua muda zaidi, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na ndege hupambana nazo.

Wengine hufuata nauli nafuu na kupitia Addis Ababa, kama kilomita 9,800 kwa jumla, au Doha, kama 10,000. Kilomita zinazoongezeka si nyingi. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili, na safari inaweza kumaliza siku nzima. Kwa hiyo simu ikizimwa tangu jana, msianze kulia.

Sasa tiketi, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha. Saa zilizoandikwa ni za mahali husika: ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya China, ambayo iko mbele yetu kwa saa 5. Ndege ikiruka Dar Jumatatu saa 4 asubuhi, itatua saa 2 na nusu usiku kwa saa zetu. Guangzhou itakuwa saa 7 na nusu usiku. Sisi tungesema ni usiku wa kuamkia Jumanne. Tiketi inasema Jumanne. Kama viza inamtaka msafiri aingie China kabla ya tarehe fulani, kinachohesabiwa ni siku ya kufika, si ya kuondoka.

Mtego mkubwa zaidi ni wa usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa tarehe 10, 00:30, hiyo ni saa 6 na nusu usiku, na msafiri anatakiwa awe uwanjani tarehe 9 jioni. Atakayekwenda tarehe 10 jioni ameachwa tangu usiku uliopita, na tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishiwi fedha.

Kutoka Gerezani hadi uwanjani kwa Barabara ya Nyerere ni kilomita 12 hivi. Foleni ya jioni inaweza kuzifanya ndefu, na safari za nje hutaka mtu afike saa 3 kabla ya ndege kuruka.