Blogu kwa Shilingi Milioni Moja

Ndesanjo Macha alipofungua blogu yake ya Kiswahili katikati ya miaka ya 2000, hakulipia leseni. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, nilitumaini kwamba mfanyabiashara wa Shinyanga naye angemiliki tovuti yenye jina lake, awavute wateja kwa kuandika habari za bei ya mpunga na pamba. Ndipo zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Mwenye blogu akatakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 kila mwaka. Kukodi nafasi kwenye seva ni nafuu mno kuliko hapo! Muuza mpunga aliyebaki WhatsApp simwiti mvivu, alipiga hesabu.