Hofu Juu ya Mikoko

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi safari zangu za Mafia ni za chini kwa chini: basi mpaka Kibiti, halafu Nyamisati, halafu boti. Siku nzima inakwisha, lakini roho inatulia. Ndege? Hapana bwana. Mpaka asubuhi moja simu ikaja kutoka Kilindoni: shangazi hatunaye, mazishi alasiri. Hapo tena hakuna cha boti. Nikakata tiketi huku magoti yananicheza.

Tulipofika juu ya delta ya Rufiji, kandege kakaanza kurukaruka. Nikatazama chini, mito imejigawa katikati ya mikoko, ndipo nikawakumbuka Cull na Arnold.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha humu deltani. Waingereza wakaziba midomo ya mto, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji mafupi, na mikoko ilificha kila kitu. Ikabidi watafute macho ya angani.

Sasa fikiria, ndege ilikuwa na umri wa miaka 11 tu duniani! Rubani wa kwanza, Cutler, alikodiwa kutoka Afrika Kusini. Novemba 1914 aliiona manowari. Desemba injini ikamgomea, akatua majini, akatekwa. Ndege zilizofuata zilishindwa na joto la pwani, gundi ikayeyuka, mapangaboi yakaachana. Na bado kulikuwa na watu wa kuzipanda.

Tarehe 11 Julai 1915, Cull na Arnold waliruka kutoka Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari. Chini yao Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi, zilirusha makombora kwa adui zisiyemwona. Kazi ya Arnold ilikuwa kutazama kombora limeangukia wapi, kisha kupeleka habari kwa simu ya upepo: mbele kidogo, nyuma kidogo. Mara ndege ikapigwa, injini ikafa. Wanashuka, na Arnold anaomba mashua ije kuwachukua. Lakini hapohapo mkono wake unaendelea kugonga masahihisho ya shabaha! Ndege ikapinduka mtoni. Cull akanaswa na mkanda wake, mwenziwe akarudi kumsaidia. Wakaokolewa wote wawili. Siku ileile Wajerumani wakailipua manowari yao wenyewe.

Ile vita haikuwa yetu, na wala siwasifu waliokuja kugombea ardhi ya babu zetu. Ninachouliza ni kimoja: Arnold hakuogopa? Nadhani aliogopa sana. Ila mkono wake ulikuwa na kazi, hofu ikakosa pa kukaa.

Basi na mimi nikajitafutia kazi. Nikaanza kuhesabu vijito, nikapotea. Nikamsomea shangazi Yasini kimoyomoyo, aya kwa aya. Nilipofika katikati, matairi yakagusa Kilindoni. Nikawahi. Nikashika jeneza kwa mikono yangu.

Kurudi sikuwa na haraka, na boti ilikuwepo. Nikakata tiketi ya ndege. Magoti yalicheza vilevile.