Nyambizi Iliyoishia Mchangani Somalia

Tarehe 3 Mei 1944, nyambizi ya Kijerumani iliyoitwa U-852 ilipanda mchanga karibu na Bandar Beyla, kwenye pwani ya Somalia inayotazama Bahari ya Hindi, na haikutoka tena. Ilikuwa imeondoka Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, mwezi Januari, ikaizunguka Afrika kupitia kusini. Kati ya watu wake 66, saba walikuwa wamekufa. Wengine 59 walifika ufukweni, wakajikuta mikononi mwa wanamaji wa Uingereza na askari wa ngamia wa Somaliland.

Mimi ni mtu wa Kitale na Bungoma, mahali ambapo bahari ni picha kwenye kalenda. Huku ukiuliza wazee kuhusu Vita vya Pili vya Dunia utaambiwa Keya, yaani King's African Rifles, kisha utaambiwa Burma. Hakuna anayekutajia nyambizi. Nilikutana na U-852 nikiwa bado chuo, kabla sijaacha, nikitafuta kitu kingine kabisa, na ikakataa kunitoka kichwani. Sio sababu ya vita vyenyewe. Ni sababu ya kile kilichotokea miezi miwili kabla ya ule mchanga, na swali la ni nani huhesabiwa akifa majini.

Tuanze na chombo. U-852 ilijengwa Bremen, kwenye karakana za AG Weser, ikaanza kazi Juni 1943. Ilikuwa ya aina ya IXD2. Nyambizi nyingi za Ujerumani zilikuwa ndogo, za kuwinda meli Atlantiki ya kaskazini, lakini hizi zilirefushwa hadi karibu mita 88 ili zibebe mafuta ya kufika huku kwetu na zaidi. Zilikuwa na injini mbili kubwa za dizeli za kukimbizia na nyingine mbili ndogo za kwenda polepole kwa kubana mafuta. Kwa mwendo wa kilomita 22 hivi kwa saa, zingeweza kwenda karibu kilomita 44,000 bila kuongeza hata lita moja. Kuizunguka dunia yote pale ikweta ni kama kilomita 40,000. U-852 ilikuwa inaelekea Penang, Malaya, ambako Wajapani walikuwa wamewapa Wajerumani kituo.

Kulikuwa pia na kitu ambacho hata leo kinanichekesha: kishada cha kubeba mtu. Kilikuwa na kiti, mapanga ya kuzunguka kama ya helikopta, na hakikuwa na injini yoyote. Nyambizi ilikivuta kwa kamba, upepo ukakiinua, na baharia mmoja akakaa huko juu na darubini akitafuta moshi wa meli. Wakakiita Bachstelze, jina la ndege mdogo wa kutikisa mkia. Ndege ya adui ikitokea, nyambizi lazima ipige mbizi. Yule wa juu ajipange.

Sasa, hizo kilomita 44,000 ni za kwenda juu ya maji. Neno nyambizi linatudanganya kidogo. Chombo cha wakati ule kilikuwa meli inayoweza kujificha kwa muda. Chini ya maji dizeli haipati hewa, kwa hivyo ilitumia betri, na betri zilitosha kama kilomita 105 tu, kwa mwendo wa kilomita saba na kitu kwa saa. Ebu ichukue kihuku: utoke Kitale, upite Webuye, upite Bungoma, na ukikaribia Malaba chaji imekwisha. Boda yoyote ingekupita ikiwa imebeba magunia mawili ya mahindi. Betri zikiisha lazima urudi juu uwashe dizeli uzichaji, na huko juu kuna ndege. Tena chombo kirefu hivyo kilichukua muda mrefu zaidi kuzama kuliko vile vidogo. Urefu uliokifikisha mbali ndio uliokifanya kionekane kirahisi.

Kamanda Heinz-Wilhelm Eck alijua hayo yote. Alikuwa na miaka 27, umri wa wengi wetu tunaosoma hapa, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita kama kamanda wa nyambizi. Alikuwa ameonywa kwamba vyombo vya aina yake vilikuwa vikizamishwa na ndege katika Atlantiki ya kusini.

Usiku wa 13 Machi 1944 alikuta meli ya mizigo ya Ugiriki, Peleus, ikitoka Freetown kwenda Amerika ya Kusini bila mzigo. Topido mbili, na meli ikazama haraka. Watu kadhaa walibaki wameshikilia vyelezo na mbao. Eck alihofia kwamba asubuhi ndege ingeona mabaki hayo na kuanza kumsaka. Akaamuru yaharibiwe. Kwa saa kadhaa gizani nyambizi ilizunguka hapo, ikipiga vyelezo kwa rashasha na kurusha maguruneti. Vyelezo vilikuwa na matangi ya hewa, vikakataa kuzama. Watu hawakuwa na matangi. Kati ya watu 35 wa Peleus, watatu tu waliokolewa, na meli ya Kireno, baada ya zaidi ya siku 30 majini.

Anayenisumbua zaidi ni mhandisi wa nyambizi, Hans Lenz. Alimwambia kamanda waziwazi kwamba hakubaliani na ile amri. Halafu baadaye akachukua rashasha kutoka kwa baharia mwingine na kufyatua yeye mwenyewe, eti yule hakuwa mtu wa kustahili kutekeleza amri kama hiyo. Mwaka huohuo, upande wa Kimilili, Elijah Masinde aliongoza watu kukaidi amri za serikali ya mkoloni, na akafungwa. Najua amri hazikuwa sawa, wala hatari haikuwa moja. Lakini mtu akiniambia siku zile hakuna aliyeweza kukataa, huwa namkumbuka Masinde.

Tuendelee. Eck alizamisha meli nyingine, Dahomian, karibu na Cape Town tarehe 1 Aprili, kisha akapanda kaskazini kupitia bahari yetu. Mei 2 ndege za Wellington kutoka Aden zikamkuta juu ya maji. Mabomu yao yaliiharibu nyambizi hadi haikuweza tena kuzama na kukaa salama. Akaikimbiza ufukweni. Pwani ile ilikuwa ya Italia hadi 1941, pale jeshi la Waingereza lililotokea Kenya, wakiwemo vijana wa Keya, lilipoingia Mogadishu. Kwa hivyo Eck alifika kwenye nchi ambayo watu wa huku walisaidia kuiteka.

Wajerumani walijaribu kuilipua nyambizi. Haikulipuka yote. Waingereza wakapata kile kishada, na wakapata daftari la safari lililoonyesha chombo kilikuwa wapi siku gani. Mtu aliyeua ili asiache alama aliacha alama kubwa kuliko zote ufukweni.

Oktoba 1945 walishtakiwa Hamburg. Eck, afisa August Hoffmann na daktari Walter Weisspfennig walipigwa risasi Novemba 30. Ndiyo, daktari naye alifyatua. Lenz alipewa kifungo cha maisha, na baharia Wolfgang Schwender miaka 15. Wote wawili waliachiliwa mapema miaka ya 1950.

Mwezi mmoja kabla ya Peleus, meli Khedive Ismail ilikuwa imetoka Kilindini kwenda Colombo na watu 1,511. Ndani kulikuwa na Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu elfu moja, na wauguzi. Februari 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walionusurika wakawa wanaelea, na I-27 ikajificha chini yao. Manowari ya Uingereza, Petard, ikaangusha mabomu ya kulipukia majini palepale, katikati ya watu wake yenyewe. I-27 ikalazimika kuibuka, na mwishowe ikazamishwa na karibu mabaharia wake wote.

Petard haikuwa U-852. Kulikuwa na meli nyingine nne za msafara za kulindwa, na mimi siwezi kusema ningefanya nini. Lakini Peleus ina kesi, ina ushahidi wa walionusurika uliosomwa mahakamani, ina vitabu vya sheria vinavyoitaja mpaka leo. Khedive Ismail ilichukua watu 1,297, wengi wao kutoka nchi zetu, na nilimaliza shule yote ya msingi na sekondari bila kuisikia hata mara moja.

Majina ya watu wa Kikosi cha 301 yamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, pamoja na ya wengine wasio na kaburi.  Bahari haijatajwa kwenye historia tuliyofundishwa, kwa hivyo ukienda, nenda ukijua ni maji gani waliyomo.