UWINDAJI: Anayeanza kuwinda kulungu kwa upinde hufunzwa kwanza kuuzuia mshale

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka majani ya miti yanapoanza kugeuka rangi nchini Marekani, mnamo Septemba na Oktoba, wawindaji huingia msituni wakiwa na pinde na mishale kumtafuta kulungu mwenye mkia mweupe.

Kwa msomaji aliye Kenya, ambako uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku mwaka wa 1977 na ungali marufuku chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, huenda jambo hili likaonekana geni. Hata hivyo, Mkenya anayeishi Minnesota, Wisconsin au Texas hachukui muda kabla ya jirani au mfanyakazi mwenzake kumwalika, na si vyema aitikie mwaliko huo bila kujua anachokiendea.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu hao walikuwa wamekaribia kumalizwa na uwindaji wa kibiashara. Sheria kali ziliwaokoa, na leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30, wakila mimea ya wakulima na kugongwa na magari barabarani. Wisconsin ilitenga msimu wa kwanza wa kuwawinda kwa upinde mwaka wa 1934, na majimbo mengine yakafuata. Kwa kuwa mshale haufiki mbali, msimu wa upinde kwa kawaida ni mrefu kuliko ule wa bunduki.

Hatua ya kwanza si kununua upinde bali kusoma sheria za jimbo husika, kwani kila jimbo lina zake. Nyingi humtaka mgeni wa kazi hii ahudhurie mafunzo ya uwindaji kabla ya kupewa leseni. Wisconsin, kwa mfano, humtaka kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 awe na cheti. Leseni hueleza idadi ya kulungu anaoruhusiwa kuwaua, na kama ni dume au jike. Katika majimbo mengi, kuingia katika shamba la mtu bila idhini yake ni kosa, hata kama kulungu aliyepigwa amekimbilia humo.

Baada ya hapo ndipo upinde huchaguliwa. Wengi leo hutumia upinde wenye roda kwenye ncha zake mbili, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri katika miaka ya 1960. Roda hizo hupunguza uzito wa ugwe pindi unapovutwa hadi mwisho, hivyo mwindaji anaweza kuushikilia kwa muda akisubiri mnyama ageuke. Upinde sharti umfae mwenyewe. Urefu wa mvuto hukadiriwa kwa kupima mikono iliyonyoshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na kugawanya kwa 2.5. Nguvu yake hupimwa kwa ratili, na majimbo mengi yameweka kiwango cha chini. Wisconsin ni 30, Colorado 35. Vijana wengi hujivunia upinde mzito, na hilo ni kosa. Aketi kitini, aelekeze upinde mbele, auvute polepole. Akilazimika kuuinua juu ndipo auvute, umemzidi nguvu. Asiuachilie ugwe kamwe bila mshale, kwani upinde unaweza kupasuka mikononi mwake.

Hapa yafaa kuwakumbuka Wawaata wa Tsavo, waitwao pia Waliangulu, ambao zamani walisifika kwa kuangusha ndovu kwa pinde nzito kupindukia. Mishale yao ilipakwa sumu ya msunguti, na sumu ndiyo iliyoua. Majimbo mengi ya Marekani yamekataza sumu, kwa hivyo kazi yote huachiwa makali ya kigumba. Mshale haumwangushi mnyama kwa kishindo kama risasi; humuua kwa kumvujisha damu. Ukipenya mapafu yote mawili au moyo, kulungu huanguka baada ya sekunde chache. Ukipiga tumbo, hufa taratibu kwa saa nyingi, pengine mahali ambapo hataonekana tena.

Hiyo ndiyo sababu wanaopinga uwindaji huu huuita ukatili, na hoja yao haipuuziki. Jibu pekee ambalo mwindaji anaweza kulitoa ni mazoezi na subira. Afanye mazoezi kwa miezi kadhaa, akivaa koti zito atakalolivaa msituni, tena akiwa mahali pa juu. Umbali wake wa mwisho ni ule ambao mishale yake yote huingia katika duara lenye ukubwa wa sahani. Kwa wengi wanaoanza, umbali huo ni yadi 20, yaani mita 18.

Kuna sababu nyingine ya kukaa karibu. Mshale wa upinde wa roda huenda takriban mita 85 kwa sekunde, ilhali sauti huenda mita 340. Kulungu husikia ugwe kabla ya mshale kumfikia, naye huinama ili apate kuruka. Kwenye mita 18 hana wakati wa kutosha. Umbali ukiongezeka maradufu, mshale uliolenga mapafu waweza kupita juu ya mgongo wake.

Mnyama apigwe akiwa amesimama ubavu, au akiwa amegeuka kidogo kumpa mwindaji kisogo, na shabaha iwe nyuma tu ya mguu wa mbele, kwenye theluthi ya chini ya kiwiliwili. Akitazamana na mwindaji, au akiwa amempa mgongo kabisa, mshale ubaki upindeni, awe dume mwenye pembe za kutamanisha kiasi gani.

Kulungu huyu hutembea sana alfajiri na magharibi, na pua yake ni kali mno. Mwindaji hukaa upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, akiotea kwenye ulingo uliofungwa mtini. Ulingo huo huumiza wawindaji wengi kuliko mishale. Mkanda wa usalama uvaliwe tangu miguu inapoacha ardhi, na upinde uvutwe kwa kamba baada ya kupanda, si kubebwa mkononi.

Baada ya kupiga, asikurupuke kumfuata. Akumbuke mnyama alikokimbilia, kisha auchunguze mshale. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu: asubiri nusu saa. Damu nyeusi yaweza kuwa ya ini: asubiri muda wa saa nne au zaidi. Majimaji ya kijani yenye harufu mbaya ni ya utumbo, na hapo subira ni ya saa 8 hadi 12, kwani kulungu asiyefukuzwa hulala karibu, lakini akishtuliwa hukimbia mbali sana.

Akipatikana, atolewe matumbo mara moja ili nyama ipoe, na mwindaji ajikague kama ana kupe, ambao katika majimbo ya kaskazini hueneza ugonjwa wa Lyme. Upo pia ugonjwa unaowakondesha kulungu hadi kufa, uliotambuliwa Colorado mwaka wa 1967 na ambao sasa umefika katika majimbo zaidi ya 30. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumwambukiza binadamu, lakini kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, hushauri nyama ya mnyama aliyepatikana nao isiliwe. Katika maeneo yaliyoathirika, sampuli kutoka kichwani au shingoni hupelekwa maabara, na nyama hukaa kwenye jokofu hadi majibu yarejee.