Stereo Mix na sauti ya mathe

Wasee, kabla bando zishuke bei, mziki hapa Githurai 45 ulikuwa unarekodiwa saiba ukiwa unacheza. Broo yangu alikuwa analipia dakika, anafungua Audacity, programu ya bure iliyotoka 2000, anachagua Stereo Mix, anaacha miksi ya DJ iende yote. Sauti haikupitia maiki. Kadi ya sauti iliirudisha ndani moja kwa moja, kwa hivyo kelele za makanga nje hazikuingia. Lakini meseji ikilia kwa kompyuta, hiyo iliingia, unaanza upya na dakika zinaisha!

Vista ilipokuja 2007, mashine nyingi zikaanza kuficha Stereo Mix. Watu wakadhani imetolewa. Kumbe Vista hiyo hiyo ilileta njia nyingine, WASAPI, na Audacity ikaanza kuitumia 2013.

Mimi niliijua 2021 nikirekodi masomo ya chuo kwa lapi. Chuo niliacha, masomo nikafuta. Nilibakisha simu moja ya mathe akiwa Saudia, dakika 11. Mimi sisikiki, ni yeye tu anacheka na kunijibu, juu maiki haikuwa inarekodiwa. Hakurudi akiwa hai. Sasa nyinyi mnaosema hii kitu ni ya wezi wa mziki, hiyo ningeipakua wapi?